Jicho la Kushoto la Kipa Wetu

Jumamosi, 22 Machi

Tumefungwa tena. Tatu bila, tena uwanjani kwetu! Tupo wa pili kutoka mkiani, na wawili wa mwisho ndio wanaoshuka daraja. Mechi nne zimebaki.

Bao la pili limeniuma kuliko yote. Shuti la mbali, la kawaida kabisa. Sumaku, kipa wetu, akaruka mpira ukiwa tayari umelala wavuni. Tulimpa jina hilo kwa sababu mpira ulikuwa ukimfuata mikononi wenyewe. Leo ulimpita kama mgeni.

Baba alitembea mbele yangu njia nzima. Mlangoni ndipo akasema, "Yule ameuza mechi." Baba huyuhuyu, miaka sita anamwita Sumaku "mwanangu" na hawajawahi hata kupeana mkono! Amegoma kula. Mimi nimekula changu na chake. Hasira zangu hushukia tumboni.

Jumatatu, 31 Machi



Saa nne asubuhi kaingia mgonjwa chumba chetu cha macho hospitalini, kofia imefunika nyusi. Jina la kwenye faili silijui. Akavua kofia — Sumaku! Kwenye kiti changu cha kupimia! Nusura niangushe kalamu. Nikajikaza, nikamwambia azibe jicho la kulia, asome ubao kwa la kushoto.

Akasoma herufi zote bila kukwama. Haraka mno. Nikakumbuka kuwa alikuwa amekaa karibu na mlango wakati bibi aliyemtangulia akisoma kwa sauti. Nikageuza ubao upande wa pili, wenye herufi nyingine.

Akaegemea mbele kitini.

"Dada," akasema, "hata ubao wenyewe siuoni vizuri."

Daktari amemchunguza nusu saa. Pazia la nyuma ya jicho limechanika pembeni, limeanza kubanduka kama rangi ya ukutani. Afanyiwe operesheni wiki ijayo, Jumanne. Asiruke, asipigwe kichwa. Pigo moja tu linaweza kulizima jicho moja kwa moja. Sumaku akauliza kitu kimoja: "Klabu itajua?" Daktari akajibu kuwa ya chumba kile hayatoki nje bila ruhusa ya mgonjwa. Kisha akanitazama mimi. Anajua Jumamosi huwa navaa nini.

Jumamosi, 5 Aprili

Amecheza! Nilipomwona akitoka na glovu nilikaa chini wenzangu wakisimama.

Mbili kwa moja, tumefungwa. Mabao yote mawili kushoto kwake. Mtu wa nyuma yetu akapiga kelele, "Mpelekeni akapimwe macho!" Jukwaa likacheka. Baba akasimama, akaninyooshea kidole: "Binti yangu hapa ndiye kazi yake! Mleteni, atampima bure!" Wakacheka hadi kushikana mabega. Wote wakanigeukia, wananisubiri.

Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe.

Jumatano, 9 Aprili

Jana hakutokea. Kitanda kimetandikwa, daktari amenawa, mgonjwa hayupo. Daktari amempigia mara tatu, hapokei.

Leo nimefanya jambo ambalo sipaswi. Nimechukua namba kwenye faili, nikampigia kutoka uani, nyuma ya matangi ya maji. Akapokea.

Anasema mkataba wake unakwisha mwisho wa msimu. Nani atamsajili kipa wa jicho moja? Acheze mechi mbili zijazo na ile ya mwisho, asaini, ndipo alale kitandani. "Mechi tatu tu, dada yangu."

Nikamwambia anacheza na jicho, si na mechi. Nilisema yote yanayopaswa kusemwa. Halafu, kabla ya kukata, nikasikia mdomo wangu ukimwambia: "Basi mwambie beki wa kushoto asikuachie nafasi upande huo. Na kona ikipigwa, anzia nguzo ya mbali, ugeuze shingo."

Nilimwambia hivyo mimi. Mpimaji macho, miaka kumi na moja kazini.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumeshinda! Moja bila! Beki wa kushoto alimganda Sumaku kama ruba, na kona zote alianzia nguzo ya mbali. Dakika ya themanini akapangua kichwa cha karibu, uwanja ukapasuka. Nimepiga kelele mpaka sauti imeisha. Baba amecheza barabarani na mtu asiyemjua. "Mwanangu amerudi!" anasema.

Amekula sahani mbili. Mimi chakula hakipiti.

Jumapili, 13 Aprili

Kapiga yeye. Tangu asubuhi anaona vidoa vyeusi vinaelea, na mwanga kama radi pembeni mwa jicho. Aliangukia uso jana, alipopangua ule mpira. Mpira niliokuwa naushangilia.

Nikamwambia aende hospitali sasa hivi, asisubiri kesho. Akaanza: kocha, mkataba, mechi mbili. Nikamkata.

"Ukivaa glovu tena, namwambia kocha mwenyewe."

"Utafukuzwa kazi."

"Nitafukuzwa."

 Nilisikia mkewe anamuuliza ni nani kwenye simu. Akajibu, "Mtu wa timu." Kisha akaniambia sawa. Atasema ameumia nyama za paja.

Jumanne, 15 Aprili

Daktari amemwona. Amemfokea kama mtoto wa shule. Amemchoma kwa mwanga wa leza kuzunguka pale palipochanika, kushikilia tu. Operesheni ni lazima. Sumaku amekubali Jumatatu ya tarehe tano Mei, siku mbili baada ya mechi ya mwisho, hata siku moja mapema amekataa. Ameweka saini kuwa ameelezwa hatari zote. Daktari amerudisha kofia ya kalamu kwa nguvu hadi ikapasuka.

Jumamosi, 26 Aprili

Sare, moja moja. Golini alikaa Babu, kipa wa akiba. Tunamwita hivyo kwa sababu ana miaka thelathini na minane na huanza kupasha misuli kabla wenzake hawajaamka. Amejitahidi! Sumaku alikuwa benchi. Lazima awepo kipa wa pili kwenye orodha, basi, hatacheza. Hivyo ndivyo alivyoniahidi.

Tumepanda nafasi moja juu ya wanaoshuka, na timu iliyo chini yetu imefungwa. Jumamosi ijayo tukipata sare tu, tunabaki.

Ijumaa, 2 Mei

Baba amepiga pasi jezi yake mara mbili. Ananiuliza mbona nimenyong'onyea. Nikasema kazi. Akasema kazi gani hiyo ya kumwonesha mtu herufi ikamkondesha mtu hivi. Nilitaka kumwambia. Ulimi ulifika kwenye meno, ukarudi.

Jumamosi, 3 Mei

Mapumziko. Bila bila. Naandika nikiwa nimesimama, daftari ukutani.

Dakika ya arobaini na tano Babu alitoka kuufuata mpira wa juu, akagongana na mshambuliaji wao. Bega. Tulisikia hadi jukwaani. Refa akapuliza mapumziko Babu bado yuko chini, na wamemtoa kwa machela, amejifunika uso kwa glovu.

Kisha mtu mmoja akaanza kuimba jina la Sumaku. Kumi wakaitikia. Sasa ni uwanja mzima, saruji inatetemeka chini ya viatu. Baba ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, mishipa ya shingo imesimama. Akanishika mkono: "Imba, mama! Mwanangu anaingia!"

Nikamwambia naenda msalani.

Nimeshuka ngazi mpaka kwenye mlango wa vyumba vya wachezaji. Asipocheza yeye, golini ataingia mchezaji asiye kipa, na dakika arobaini na tano za namna hiyo kila mtu anajua mwisho wake. Tutashuka. Baba ana miaka sabini na mbili. Kurudi juu huchukua miaka.

Mlinzi ananijua kwa sura. "Dada, huku hairuhusiwi kuingia. Unamtaka nani?"

Nikasema kocha. Jambo la hospitali. Haraka.

Akanitazama jezi, akanitazama uso, akaingia.

 Nikimwambia kocha, kazi basi. Ni haki yao kunifukuza, siri si yangu. Nikinyamaza —

Juu bado wanaimba. Bado dakika sita kipindi cha pili kianze.

Kuna mtu anakuja kutoka ndani. Kocha huvaa raba, hasikiki akitembea. Hivi ni viatu vya njumu, vinagonga sakafu taratibu, glovu ikipapasa ukuta, na vinakuja upande wangu.