Baluni Niliyoisuka Nyuma ya Ukuta

Baba,

Uso wako nimeuona mara moja tu, ukiwa umelala ndani ya jeneza. Kumbe kidevu cha mume wangu Lusajo ni chako. Mkamwana wako ningejuaje? Tangu harusi, ukikaribia uani ulikohoa kwanza ili nipate nafasi, nami nikajifunika kitenge na kukimbilia migombani, kama mila yetu inavyotaka, mkamwana asionane na baba mkwe. Siku ile nilisimama kando yako nikikutazama, na wewe hukukohoa.

Bado siamini. Asubuhi uliagiza chai, ukanywa kidogo, ukaweka kikombe chini. Basi. Chai niliipika mimi, Mama akakupelekea. Majirani walipoingia wakilia, ilikuwa bado ya moto.

Sikuwahi kukuambia jambo mwenyewe, kwa hiyo niseme sasa: ninampenda mwanao mpaka naona aibu. Akienda Tukuyu kununua chumvi, namkumbuka kabla hajafika barabarani. Na wewe nilikupenda kupitia ukuta wa mbao wa jikoni, kwa sababu ya baluni.

Ulikuwa chumbani mwako na redio yako ya kuongea na watu wa mbali. Mimi jikoni, Lusajo katikati, mlangoni. Tyuna, kile kisanduku cha kulinganisha redio na antena, ilikuwa inakusumbua. Waya mbili zinazopanda kwenye antena juu ya mianzi hazikugawana nguvu sawa, na iliyozidi ilirudi ndani ikakuuma mdomo kwenye maikrofoni. Mama alicheka, "Mzee amebusu siafu." Baluni, kile kifaa kidogo cha kusawazisha waya hizo, ulikuwa umeisuka juu ya fimbo nyeusi iliyotoka kwenye redio mbovu, nayo ilichemka kama kiazi.

Nikasema, "Lusajo, mwambie Baba, shuleni tulifundishwa kwamba ringi inaishika sumaku ndani yake kuliko fimbo."

Nilitamani nimeze maneno yangu. Kisha nikasikia, "Mwambie mkeo ana akili kuliko aliyemwoa."

Lusajo akalalamika kwamba tumemgeuza nguzo ya simu.

Mkaenda sokoni. Tangu biashara ya nje ifunguliwe, runinga za mitumba zinafika Tukuyu na kufia hapo hapo, na shingoni mwa kila moja mna ringi nyeusi nzito. Ukamtuma Lusajo aniletee moja kwenye ungo, umeifunika kwa jani la mgomba kama zawadi ya mwali. Vitabu vyako vilisifu baluni ya kuzidisha ukinzani mara nne, wewe ukaikataa. "Mwambie kazi ya kuzidisha tuiachie tyuna. Hii isawazishe tu. Waya mbili ziende bega kwa bega, zisipishane, zisiachane mpaka mwisho." Nilidhani unasema juu ya ndoa. Labda ulikuwa unasema juu ya ndoa.

Ukaondoka ringi nikiwa nimeisuka nusu.

Jumamosi baada ya mazishi Lusajo, ambaye naye ana kibali chake cha redio, aliwasha redio ili asikie tu ile milio uliyoipenda. Mara rafiki yako, yule mzee wa Karonga ng'ambo ya mpaka uliyeongea naye kila Jumamosi, akaanza kukuita. Alikuwa anacheka, anauliza umelala au umeoa mwingine. Baba, mtu alikuwa anakutania kama uko hai. Lusajo akamjibu, fimbo ikapasuka, harufu ya kuungua ikanifikia jikoni. Mzee hakusikia neno. Aliendelea kukuita, na kila alivyoita kicheko kilipungua.

Wiki ile nilimaliza ringi. Jumamosi iliyofuata Lusajo alijaribu kuifunga kwenye tyuna, akazichanganya ncha za waya. Mama akanisukuma mgongoni.

"Ingia, mwanangu. Uliyekuwa unamkimbia hayupo."

Nikaingia chumbani mwako. Nikakaa kwenye kiti chako, maana hakuna kingine. Nikatenganisha ncha, nikazifunga. Lusajo akazungusha tyuna mpaka sindano ikatulia. Nikaigusa ringi: baridi. Mzee akaita. Lusajo akafungua mdomo, badala ya neno ikatoka kwikwi.

Nikachukua maikrofoni. Haikuniuma.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mkamwana wa hapa. Nimekaa kwenye kiti cha..." Jina lako siruhusiwi kulitaja. Nilikwama hapo hapo.

Wangonde, watu wa mzee huyo, na sisi mila ni moja. Mkamwana hakanyagi chumba cha baba mkwe wake, sembuse kukalia kiti. Mzee akasema polepole, kwa Kingonde chake, "Umekaa kwenye kiti chake. Basi ameondoka."

Mimi sikuwa nimesema lolote. Alilia hewani, Baba, mzee mzima, na tulimsikia vizuri kana kwamba amekaa jikoni kwetu. Baadaye akasema sauti yetu haijawahi kumfikia safi hivyo, akauliza baluni kasuka nani. Lusajo akaninyang'anya maikrofoni kunisifia, mpaka nikajifunika kitenge.

Mzee ameomba tusimwache peke yake Jumamosi. Nimemkubalia, na wewe nakuahidi: waya zako hazitanyamaza. Ila chumba bado ni chako. Kila nitakapotaka kuingia, nitasimama mlangoni kwanza, nikohoe, nikusubiri kidogo upate nafasi.

Ndaga fijo, asante sana, Baba. Pumzika.

Mkamwana wako,
Tumpe