Niwekee, Nakuja

Nyumbani kwa Mama Mkubwa,
Mlango wa bluu, nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumapili mchana, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka Mwanzi,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Kasuku, ambaye tangu ulipoondoka ameongeza mwili na kupunguza maneno, ingawa hilo la pili najua hutaliamini mpaka ulione. Hujambo huko uliko? Mgongo wako unaendeleaje? Bado unainama kila unapopita mlangoni, au huko wanajenga milango ya watu warefu? Sisi huku hatujambo, ila ni ule uzima wa kusemwa tu ili salamu zisonge mbele.

Namba yako ya simu haipatikani tangu mwaka wa pili. Anwani hii nimeitoa kwenye bahasha yako ya mwisho, ile ya barua ya kutuambia kwamba umepata kazi kwenye kiwanda cha magodoro. Kwa hiyo sijui kama namwandikia mtu au naliandikia sanduku la posta. Hilo nimelisema mapema ili nisilirudie, maana nikilirudia nitashindwa kuendelea.

Kwangu wote wapo. Mama yangu bado anabishana na redio na bado anashinda. Shemeji yako ni fundi bomba yule yule, na bomba la jikoni kwetu linavuja mwaka wa tatu sasa. Mganga hajigangi.

Mimi bado niko ofisi ya mgao, dirisha la pili. Kazi yenyewe unaijua: serikali inatoa unga, maharage na mafuta kwa kaya zisizojiweza, na sisi makarani tunaandikisha, tunahakiki na kugonga mihuri. Mwezi wa kwanza ukaja waraka mpya. Wakubwa wamegundua kwamba kati ya watu kumi wanaostahili mgao, wanne hawaupati. Zamani tulisubiri mtu aje na makaratasi yake, akikosa moja arudi kesho; sasa sisi ndio tunaowafuata watu majumbani. Fomu ya kurasa kumi na moja imekuwa ya ukurasa mmoja. Asiyeweza kuandika anajibu kwa mdomo. Bosi alitusomea waraka ule kwa sauti ya mahubiri, akamalizia kwamba mwisho wa mwezi wa nne orodha inafungwa. Nilipiga makofi, Kaka, na sikuwa nafanya unafiki.

Ndipo nikapewa orodha ya waliokatiwa mgao. Siku zote faili zetu zina namba tu, hazina majina, ili karani asipendelee jamaa zake. Safari hii, kwa kuwa tunatakiwa kwenda majumbani, wameweka majina. Jina la saba lilikuwa la mama yako.

Nikalitoa faili kabatini. Ndani mna taarifa ya mkaguzi wetu, yule tunayemwita Jicho: kaya ya watu wawili, mama na mwanawe, chini ya kitanda cha chumba cha pili zimekutwa pakiti nyingi za unga na maharage, hazijafunguliwa, kaya haina uhitaji, isitishiwe. Chini yake kuna muhuri na saini. Saini ni yangu, Kaka. Ni ya Alhamisi moja ya mwezi wa tano mwaka jana, siku niliyogonga mafaili thelathini na moja kabla ya chakula cha mchana, huku nikimsimulia mwenzangu wa dirisha la kwanza harusi niliyokwenda. Harusi naikumbuka mpaka rangi ya mapazia. Faili sikumbuki hata moja.

Miezi kumi! Na katika miezi hiyo nimekuja nyumba hii si chini ya mara tano, nimepakuliwa, nimekula nikashiba, naye amekaa kando akisema, "Kula, mwanangu, mimi nimeshakula." Nilimwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini. Hakuwahi kunitajia kwamba mgao umekatwa. Nilipokuja kumuuliza kwa nini alinificha, alisema, "Wewe unafanya kazi pale. Ningekuaibisha mbele ya wenzako."

Nilikuja na fomu yangu Jumatatu iliyopita. Amekwisha, Kaka. Ile nguo yake ya zambarau unayoijua, sasa anaikunja kiunoni na kuibana kwa pini ili isidondoke. Bado anawashonea watu vifungo na zipu, ila uzi anautunga kwa kupapasa. Nilijifanya naangalia dari ili asione machozi.

Chumba chako hakijaguswa. Viatu vyako vyeusi viko nyuma ya mlango, shati liko msumarini, na mle ndani mna hewa ya mtu aliyetoka dakika hii hii, hata nikasita kukaa kitandani. Nikainama nikachungulia. Pakiti zipo, zimepangwa vizuri, mpya mbele na kuukuu nyuma. Za nyuma kabisa zimepasuka, na fukusi wanapanda kwenye miguu ya kitanda. Nikamuuliza, "Mama Mkubwa, hivi vyote vya nini?"

Akanishangaa. "Si fungu la ndugu yako? Alisema nimwekee."

Hapo ndipo nilipokumbuka, na tangu hapo sipati raha. Siku ile nilikuwepo. Tulikuwa tumekaa kula, sisi watatu, lori likapiga honi nje, ukainuka na kandambili zako. Ukasema, "Mama, niwekee, nakuja." Maneno hayo kila mtu huyasema. Mimi mwenyewe huyasema nikienda kumfungulia mgeni mlango. Tulidhani unakwenda kuongea na dereva, na mama yako akachukua sahani nyingine akafunika yako isiingie nzi.

Hajaacha kuifunika, mwaka wa sita huu. Apikacho chochote, hata kiwe ukoko, anakigawa mara mbili: chake na chako. Chako kinakaa mezani mpaka kesho yake, kinachacha, anakimwaga, anaosha sahani na kuanza upya. Alipoandikisha kaya alisema ukweli wake, kwamba ni wawili. Mgao wake akaupika, wako akauweka chini ya kitanda. Na mgao ulipokatwa, alikaa na njaa juu ya chakula kile kile asikiguse, kwa sababu si chake.

Usifikiri amerukwa na akili. Anajua tarehe ya leo, na bei ya sabuni anaijua kuliko mimi. Nilimletea unga kutoka kwangu; akanishukuru, akaugawa mbele yangu. Mara ya pili nikaleta zaidi, na kile kilichozidi akakiongeza kwenye fungu lako, akasema wewe ndiye uliyekaa na njaa siku nyingi. Nikamwambia, "Kula basi vyote, ndugu yangu akija nitamnunulia vingine." Akaniuliza taratibu, "Na akija leo?"

Sasa nisikilize kuhusu fomu. Ni nyepesi, nimeisifu mwenyewe, lakini kwenye mstari wa mtu wa pili ina visanduku vitatu tu: Yupo, Amehama, Amefariki. Walioitunga hawakumfikiria mama yako. Nikamwomba nitie alama kwenye Amehama, yaishe.

"Amehama nani?" akasema. "Mtu anahama akaacha viatu?"

Macho yake yakashuka mpaka kisanduku cha tatu, ambacho mimi sikuwa nimekitaja.

"Na hicho, kama una mkono wa kukiandika, kiandike nikuone."

Nikaweka kalamu chini. "Basi niandike yupo?"

"Yupo. Hapa tu ndipo asipokuwepo."

Nikiandika Yupo, Jicho atakuja kukutazama kwa macho yake. Akikukosa, litakuwa kosa la pili, na kaya yenye makosa mawili hairudishwi tena. Waraka unakubali kitu kimoja tu badala ya hapo: barua ya mhusika mwenyewe, kwa mwandiko wake, ikisema anaishi wapi. Mama yako amekubali kwamba ukitamka wewe kuwa umehama, atatia saini. Kwangu mimi hatatia, na kwa serikali hatatia.

Nikuungamie jambo. Unajua tangu shule naweza kuiga mwandiko wako. Ndivyo tulivyomchezea mwalimu na vile vikaratasi vyetu vya ruhusa. Ijumaa, wenzangu walipokwenda kula, nilichukua karatasi nikaandika, "Mama, ni mimi." Herufi zikalala upande kama zako. Ule mkia unaouvuta mwisho wa neno ukajichora wenyewe. Nikaikodolea macho karatasi ile, nikahisi umenijibu, na kwamba umenijibu kutoka mahali ambako watu hawajibu. Niliichana, lakini vipande niliogopa kuvitupa, na mpaka sasa viko kwenye mkoba wangu.

Na wale thelathini wengine wa Alhamisi ile nao wananifuata. Nimeanza kuwazungukia baada ya kazi. Mmoja ni mzee wa kunoa visu. Alisitishiwa kwa sababu hakutokea siku ya uhakiki, kumbe alikuwa amelazwa. Huyo nimemrudisha, na alinishukuru mpaka nikaona haya. Nyumba nyingine nilikuta kufuli limeota kutu na majani yameziba kizingiti. Nilibisha hodi hivyo hivyo, nikasimama pale kwa muda, nikijua hakuna wa kuitika. Siku hizi kabla sijagonga muhuri naandika jina la mtu kwa penseli pembeni ya namba. Ni kinyume cha utaratibu, na bosi akiniona atasema.

Nakukasirikia, Kaka. Nakupenda, na nakukasirikia. Ningekuwa na wewe hapa ningekupiga ngumi ya kwenye bega, kisha ningekushika nisikuachie. Sijui kilichokunyamazisha. Kama ni aibu ya kurudi mikono mitupu, jua kwamba hapa hakuna anayengoja mikono yako ijae. Kama umeoa, umefungwa, umeugua, umebadili dini au umebadili jina, yote yanasemeka. Mama yako hatauliza.

Niandikie. Kwa ajili ya ofisi andika mstari mmoja unaosema unaishi wapi. Kwa ajili yake, kwenye karatasi nyingine, andika hivi: "Mama, kula fungu langu." Basi, usiongeze kitu. Na nakuomba kwa jina la maziwa tuliyonyonya kwa wanawake wa tumbo moja, usiandike "nakuja" kama huji. Neno hilo limekula chakula chake miaka sita.

Na wewe unayeisoma barua hii, kama si yeye: uliyeikuta kwenye sanduku, au unayefagia kiwandani, au unayelala kwenye kitanda alichokuwa akilalia. Tafadhali tuambie unalolijua, hata kama ni lile la kisanduku cha tatu. Nitalia, na yeye atalia, lakini atapika na kupakua sahani moja ijae. Anwani yetu iko juu.

Mama yako mdogo anakusalimu, anasema amekuota umenenepa, na kwake ndoto ya mtu mnene ni ya heri. Mjomba wa goti bovu anakusalimu. Goti lenyewe sasa linatabiri mvua kuliko redio. Shemeji yako anakusalimu. Wapwa zako wawili, ambao hawakujui ila kwa jina la Mjomba Mrefu, wanauliza kama kweli kichwa chako kinagusa taa. Usalimie huko yeyote anayekutendea wema. Mungu akulinde popote ulipolaza ubavu, akufungulie njia, na akupe mkono mwepesi wa kuandika.

Ni mimi mdogo wako, wako akupendaye na asiyechoka kukuita,
Kasuku.

Nimesahau kukwambia: barua hii nimeiandikia kwenye meza yenu, mahali pangu pa siku zote, na amenipakulia huku naandika. Maharage kidogo na kipande cha mkate. Sahani yangu, na yako imefunikwa. Yake haipo. Nikamsogezea yangu nikamwambia, "Kula, Mama Mkubwa, mimi nimeshakula." Akatabasamu, kwa sababu uongo huo ni wake. Kisha akachukua kijiko, akagawa kile cha kwangu mara mbili, nusu akaanza kuila, na nusu ya pili, akafunua sahani yako akaiongeza humo.