Mama Philomène Mukamurenzi, Aliyefanya Examen d'État Mara Mbili

Mwaka umetimia, Mama Philomène, tangu tulipokuzika mbio mbio saa nne asubuhi, watu kumi na mmoja tu kaburini. Barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa na vita, ile ya Rutshuru haikuwa na usalama, na padri alituomba tufupishe. Hakuna aliyesimama kueleza ulikuwa nani. Wewe uliyezoea kusema katika mikutano ya mtaa wetu wa Katoyi, hapa Goma, mpaka viti vinakosekana, ulishuka udongoni bila hotuba hata moja.

Leo tunaitoa hotuba hiyo. Tena tunaitoa kwa sauti, kwa kuwa mwezi uliopita tulisikia kwenye radio mtu mzima na akili zake akirudia ule uongo wa zamani, kwamba yule mama conseillère, diwani wa Katoyi, hakusoma. Wewe ungecheka. Sisi hatukucheka. Basi wasikilize namna ulivyosoma.

Ulizaliwa katika milima ya Masisi, mtoto wa pili wa muzee Habiyaremye, mfugaji aliyewajua ng'ombe wake kwa majina na watoto wake kwa kuhesabu. Mwaka alipoamua kupeleka mtoto masomoni, alimwandikisha kaka yako Ézéchiel. Wewe ulipewa ndama uwachunge. Lakini Ézéchiel hakutaka masomo. Yeye alipenda ng'ombe, na mpaka leo anawapenda. Asubuhi ya tatu mlikutana kwenye njia panda, mkatazamana, mkabadilishana bila mtu mzima yeyote kujua. Yeye akachukua fimbo, wewe ukachukua daftari.

Kwa wiki tano, kila mwalimu alipoita "Ézéchiel", ni wewe uliyeitika "présent!", ukiwa na gauni lako. Siku ya kwanza darasa zima lilicheka. Siku ya pili uliwageukia ukawauliza, "Munacheka nini? Jina inavaa suruali?"

Mwalimu huyo aliitwa Mulumeoderhwa, mtu wa upande wa Bukavu, mrefu, mwenye kikohozi kisichopona, asiyekuwa na ndugu hata mmoja pale mlimani. Aliyaona yote tangu siku ya kwanza. Alinyamaza ili aone kama utachoka. Ulipoanza kuwasomea wenzako ubaoni maneno aliyokuwa bado hajawafundisha, alishika njia akapanda mpaka kwenu.

Mazungumzo yale tumeyasikia mara nyingi kutoka kinywani mwako, nawe ulikuwa unaiga sauti zote.

"Muzee, mutoto wako anajua kusoma," mwalimu alisema.

Baba yako akasimama kwa furaha. "Ézéchiel! Nilijua. Ule mutoto iko na kichwa."

"Hapana. Ézéchiel sijamuona hata siku moja. Yeye iko na ng'ombe zako kule chini. Mwenye kusoma ni huyu."

Wote wawili wakakugeukia. Ulikuwa umeshika ndoo ya maziwa kwa mikono miwili, na hukuiweka chini.

"Mwalimu," baba yako akasema polepole, "mimi nilikutumia dume. Unanirudishia jike?"

"Ninakurudishia mwenye kusoma, Muzee. Kama unataka ule mwengine, nenda umutoe kwenye majani, nitamupokea. Lakini huyu simufukuze. Ukimutoa, nitapanda hapa kila siku ya Mungu kukuuliza sababu. Unaona miguu yangu ni mirefu."

Ndipo baba yako akakuuliza wewe. "Ulinidanganya mwezi muzima?"

"Ndiyo, Papa."

"Unajua nitakupiga?"

"Ninajua, Papa. Mukimaliza kunipiga, nitaenda masomo."

Hakukupiga. Alisema tu kwamba utakamua kwanza, ndipo uende. Ulikamua kwanza, miaka sita mfululizo, ukafika darasani vidole vikinuka maziwa. Jumatatu iliyofuata mwalimu alilifuta jina la Ézéchiel mbele ya darasa lote, akaandika la kwako kwa wino mwekundu.

Kwa hiyo, wale wanaosema ulianza masomo kwa jina lisilo lako, wanasema kweli. Hatulifichi jambo hilo. Wenye kuona haya wawe wale waliozoea kumwandikisha asiyetaka na kumwacha anayetaka.

Goma ulishuka ukiwa na miaka kumi na mitatu, juu ya lori la kabichi, ukakaa kwa shangazi katika nyumba ya mbao. Kwenye lise, sekondari ya masista, wasichana wa mjini walikuita Mademoiselle Fromage, Bibi Jibini. Kifaransa chako kilikuwa cha kitabuni, na kiatu chako cha kushoto kilikuwa kikubwa kuliko cha kulia. Aliyekubali kukaa nawe dawati moja ni Kasoki, binti wa Butembo. Yeye alikuwa na kamusi, wewe ulikuwa na fromage iliyokuja kila mwezi kutoka nyumbani, na mligawana vyote viwili. Kasoki, ambaye leo ni bibi wa wajukuu saba kule Munigi, anatusimulia kwamba hukuwahi kuwajibu wale wasichana, miezi mitatu mizima. Siku ya kusomwa matokeo, sista alipotaja jina lako mbele ya yote, ulisimama, ukageukia madawati ya nyuma, ukasema, "Fromage imekuwa ya kwanza." Kisha ukakaa. Sista alikupa adhabu ya kufagia uwanja, na ukafagia ukiimba.

Diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, uliipata kwa mara moja, section pédagogique, ile ya ualimu, asilimia hamsini na nane. Muzee Habiyaremye alitembea siku mbili kuja kuiona. Hakujua kusoma. Aliishika juu chini, akaitazama muda mrefu machozi yakimtoka, na hakuna kati yenu aliyethubutu kumgeuzia.

Ukafundisha. Ukaolewa na Papa Émile. Ukazaa. Halafu volkano ikashuka mjini.

Ulitoka ukiwa na binti yako Ange mgongoni, bado hajatimiza miaka miwili, Papa Émile akiwa amebeba godoro kichwani. Sanduku lenye karatasi zako, hata diplôme, lilibaki chini ya kitanda. Nyumba ilizikwa, na lise yako pia, pamoja na vitabu vyote vya majina na alama. Ulirudi baada ya siku chache, ukasimama juu ya mawe ambayo bado yalikuwa ya moto, hujui hata mlango ulikuwa upande gani. Papa Émile anasema hukulia. Uliuliza tu watoto wako wa darasa la nne watasomea wapi Jumatatu.

Miaka ikapita. Watu wa Katoyi walikuwa wamezoea kukuletea mambo yao, ya mabomba yasiyo na maji, ya ukuta wa jirani, ya mume anayepiga. Siku moja wakakuambia sasa usimame, uwe conseillère. Ulikubali. Ukapeleka jina lako kwenye ofisi ya uchaguzi, na kabla wino haujakauka wapinzani wako wakaanza. "Alete diplôme. Huyu ni muchungaji wa ndama, alisoma wapi?" Wengine wakaongeza maneno ya kabila, maneno tunayoyajua sote na ambayo hatutayaandika chini ya picha yako. Uliandika barua Kinshasa kuomba nakala. Barua tatu. Hazikujibiwa. Jina lako likafutwa kwenye orodha.

Ulikuwa na miaka arobaini na tisa.

Jirani yetu Adalbert, mwenye mashine za photocopie, alikuja kukufariji kwa namna yake. Hatuoni haya kumtaja, maana yeye mwenyewe anaisimulia akijicheka.

"Mama, pita kwangu kesho saa sita. Utaikuta diplôme iko tayari. Hata rangi ya uzee nitaiweka."

"Adalbert, ile diplôme ni yangu," ukamjibu. "Mutu anaiba kitu yake mwenyewe?"

"Sasa mutafanya nini, Mama?"

"Nitaitafuta pale niliipata."

Wiki ile ile ulijiandikisha kufanya examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa mara ya pili, pamoja na wale wanaojisomea bila shule. Mwaka ule ule Ange alikuwa anamaliza sekondari. Basi mlikaa meza moja kila asubuhi kabla ya chai. Wewe ulimfundisha Kifaransa, yeye alikufundisha hesabu.

"Mama, ile x umeipoteza."

"Siku zetu x haikukuwa na kiburi namna hii."

Papa Émile aliwapikia uji, akawaita "batoto bangu wawili", na mtaa mzima ukapata cha kuzungumza. Wengine walikuonea huruma. Wengine walisema umerogwa. Ulishona sketi ya bleu na blauzi nyeupe, kama kanuni ya mtihani inavyotaka, ukavuka barabara ya Katoyi nazo mchana kweupe, kitambulisho mkononi.

Mlangoni msimamizi alikuzuia. "Mama, wazazi wanabaki inje."

"Leo mimi si muzazi. Angalia kwenye orodha, Mukamurenzi."

Akaangalia. Akakukuta. Mmoja wa vijana waliokuwa wanakucheka, hatujui ni nani, akakupisha kiti cha karibu na dirisha kwa sababu ya macho yako.

Kinachofuata, Ange mwenyewe anaomba kisifichwe. Matokeo yalipotoka wewe ulifaulu kwa asilimia hamsini na tatu. Ange alianguka.

Majirani walikuwa wamekwisha kufika na firimbi na makopo ya poudre, ile poda nyeupe, tayari kukumwagia kichwani kama wanavyomwagiwa waliofaulu. Ulisimama mlangoni ukainua mkono. "Asanteni sana, lakini rudini nayo. Katika hii nyumba tulifanya mtihani watu wawili." Ukafunga mlango. Ange alikuwa amejilaza kifudifudi.

"Mama, nenda. Wamekuja kwa ajili yako."

"Mimi hii ni ya pili. Ngojea kwanza wewe upate ya kwanza."

"Watanicheka. Mama amefaulu, mutoto ameanguka."

"Watakucheka, ndiyo. Mimi walinicheka tangu nilipokuwa na miaka saba. Inaumiza, lakini haiuwe. Simama unawe uso. Kesho asubuhi meza iko pale pale."

Na meza ikawa pale pale, mwaka mzima, ingawa wewe hukuwa na mtihani tena. Ange alifaulu kwa asilimia sitini na moja. Siku ile ndiyo ulikubali poudre. Tuna picha yenu, mmekuwa weupe hata kope, na hatuwezi kutofautisha mvi zako na unga.

Katika uchaguzi uliofuata ulirudi kwenye ofisi ile, ukaweka karatasi mezani. Karani wa pale aliitazama tarehe.

"Mama, hii diplôme ni mupya."

"Ni mupya, ndiyo. Ile ya zamani uulize volkano."

Walikuchagua. Kura za Katoyi peke yake zilitosha. Na kiti ulichokipata hukukikalia sana, maana kila mwezi wa tisa ulikuwa unapita nyumba kwa nyumba, unaingia, unakaribishwa, unaonyesha msichana aliyekaa pembeni unauliza, "Huyu anasoma wapi?" Wakikujibu vizuri, unakwenda. Wakianza kuzunguka, unaomba chai. Wengi waliwaandikisha binti zao ili tu uondoke. Ulikuwa unalijua hilo na halikukusumbua hata kidogo.

Vita vilipokaribia mji, walikuja watu wa heshima kukushauri uvuke mpaka wa nchi hadi mambo yatulie. Uliwapa chakula, uliwasikiliza, ukawajibu kwamba utavuka siku utakapoalikwa arusini. Ulibaki. Uligawa uwanja wetu kwa familia nne zilizokuja na magodoro yao kutoka juu milimani, ukawatafutia watoto wao ubao na chaki. Tension yako ya damu ilikuwa inapanda, na dawa zilikuwa haba. Uliondoka siku ya Jumatatu, ukiwa umekaa kwenye kiti, ukimsahihisha mtoto wa wakimbizi namna ya kuandika herufi g. Alipogeuka kukuonyesha kwamba sasa ameipatia, ulikuwa umekwisha kwenda.

Mama, hatukupata hata siku moja ya kukaa matanga kama inavyotakiwa. Tumekulia kwa mafungu, huyu jikoni, yule njiani, mwingine mbele ya madaftari yako. Papa Émile bado anapika uji wa watu wengi kuliko tulivyo. Tumekwisha kuacha kumrekebisha.

Jumamosi hii saa tatu kutakuwa na misa, kisha tutapokea watu nyumbani. Anayependa kuja aje. Hata yule bwana wa radio aje. Atapewa kiti na chai, na Kasoki atamweleza kuhusu lise, dawati kwa dawati.

Wako waliotuasa kwamba katika siku hizi si vizuri kutaja majina, tuandike "familia" tu, au herufi za mwanzo. Tumewashukuru. Lakini wewe hukutulea tuwe herufi za mwanzo. Majina ni haya, kamili:

Papa Émile Hitimana, mume wako.
Ange Umugwaneza, binti yako, mwalimu wa darasa la nne.
Ushindi Hitimana, mwanao, na mke wake Bénita.
Ézéchiel Habiyaremye, kaka yako, Masisi.
Kasoki, rafiki na dada yako, Munigi.
Na wajukuu: Chance, na Philomène mdogo aliyezaliwa miezi minne baada yako.

Tunaishi Katoyi, pale pale. Kukusahau wewe, Mama, hatukufundishwa.