Kampuni Inayomwita Profesa

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo wewe na mkazamjomba? Binamu zangu wanaendeleaje na masomo? Na ule mgongo umepoa, au bado unainama kuchomelea vyuma kutwa nzima kama kijana? Sisi huku tu wazima. Bibi bado ana nguvu za kugomba, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Utashangaa nimekuandikia barua badala ya kupiga simu. Mjomba, si tunajuana? Kwenye simu wewe unaongea kama uko sokoni, na Mama akikupigia kukusalimu tu, utamwaga yote. Haya ninayokueleza sitaki ayasikie kwanza. Jirani yetu dereva wa lori anavuka mpaka kesho kuja mji wenu, na ameahidi kukukabidhi bahasha hii mkononi.

Mimi na digrii yangu ya kemia bado tuko kiwanda cha sabuni. Kutwa nadondosha asidi kwenye chupa, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke, ndipo niwaambie wenye mapipa kama magadi yamezidi. Kazi naipenda, ila mkataba unakwisha mwezi ujao, na meneja akiniona siku hizi anajifanya anaongea na simu. Wenzangu wa chuo ndiyo usiseme. Aliyesoma fizikia anauza makava ya simu. Yule aliyekuwa anaongoza darasa la kompyuta yuko hospitali, ananasua karatasi zilizokwama kwenye printa, na anasema yeye ndiye mwenye bahati.

Sasa nije kwa mdogo wangu, huyu tunayemwita Profesa. Profesa amekaa nyumbani na digrii yake ya teknolojia ya habari tangu siku ile uliposikia vigelegele vya mahafali kwenye simu. Ameomba kazi mpaka amechoka. Anatengeneza simu za majirani kwenye meza ya kulia, na chakula kikiiva Mama anamfukuza. Juzijuzi kazi ikapatikana, kampuni ya hukohuko kwenu. Nyumba nzima ilishangilia, nami nilishangilia, mpaka nilipomuuliza alivyohojiwa.

Alihojiwa kwa ujumbe tu, hakuona sura ya mtu. Walimuuliza anachapa haraka kiasi gani, ana mke au hana, na kama anaweza kufanya urafiki na mtu asiyemjua mpaka mtu huyo amwamini. Basi! Mambo yote aliyokesha nayo chuoni, hata swali moja hawakumuuliza. Nikamwambia, jamani, hiyo ni kazi gani? Akacheka. "Dada, hiyo ni huduma kwa wateja. Wewe na sabuni zako utajulia wapi?"

Tiketi wanalipa wao. Wafanyakazi wanalala humohumo ndani ya uzio, wanakula humohumo, na pasipoti wanatunziwa ofisini. Profesa anaona huo ni ukarimu. Mimi najiuliza, siku akitaka kurudi, pasipoti ataiomba kwa nani?

Unamkumbuka rafiki yake tuliyempachika jina la Mbavu kwa jinsi alivyokuwa akituvunja mbavu? Uliwahi kuongea naye kwenye simu ukacheka mpaka ukapaliwa. Yeye ndiye aliyetangulia kwenye kampuni hiyo, na ndiye aliyempendekeza Profesa. Tangu aende hapokei simu, hatumi picha, wala hajaandika utani hata mmoja. Wiki iliyopita nilimwandikia kwamba mama yake amelazwa na anamuulizia. Akajibu: "Kazi ni nzuri. Mwambie Profesa awahi." Mjomba, niliweka simu chini nikakaa sakafuni. Kama kweli ni Mbavu aliyeandika hivyo, basi kuna mtu alikuwa amesimama nyuma yake.

Nilimwonyesha Profesa. Aliusoma mara mbili, kisha akasema Mbavu lazima amebanwa na kazi. Na yeye anaogopa, namjua. Ila anaogopa zaidi kubaki kwenye ile meza ya kulia.

Mama ndiyo kabisa. Amekwisha kumshonea koti, na mtaa mzima umeshaitwa kuja kulitazama. Nilipofungua mdomo tu akaniambia, "Usimtie mwenzio mkosi. Au ndiyo wivu?" Neno hilo limenichoma, nami nikarudi chumbani kwangu. Sasa kila nikimwona Profesa anajitazama kwenye kioo na lile koti, natoka nje.

Anaondoka Jumamosi. Anwani ya kampuni nimeiandika nyuma ya bahasha. Nakuomba, Mjomba wangu, nenda ukaitazame. Usiende peke yako, na usibishe hodi. Simama ng'ambo ya barabara jioni, uone kama kuna hata mmoja anayetoka kwenda zake dukani. Na mageti ndiyo kazi yako, basi litazame vizuri lile geti, ujue komeo limewekwa kuwazuia wanaoingia au wanaotoka. Ukiona kuko shwari, nitamwomba Mama radhi na begi la Profesa nitalibeba mwenyewe. Ukiona vingine, mpigie Mama hapohapo. Wewe atakusikiliza.

Nisalimie sana mkazamjomba, binamu yangu mrefu na yule mchokozi, pamoja na fundi mwenzako wa karakana. Bibi anasema Mungu akuzidishie afya na riziki, nami naomba atufunike sote, hasa wiki hii.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, ambaye usingizi umemkimbia,

Dada yake Profesa

N.B. Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Ujumbe umeingia kwenye simu yangu sasa hivi, unatoka kampuni hiyohiyo. Profesa kwa wema wake amewapa namba yangu, nao wanasema wana nafasi yangu pia. Hawajauliza nimesomea nini. Wameuliza tu kama nimeolewa. Mjomba, haya yote nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na bado nimejikuta nimeshachapa: "Sijaolewa. Naweza kuanza mwezi ujao." Sijautuma. Nakuomba uwahi.