Aliyeandika Kwamba Ghala Lilikuwa Tupu

Rau, Moshi
Jumatano

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kwamba lile goti limepata nafuu. Sisi huku ni wazima. Mkweo Gladys amepona mafua na anawaamkia.

Katika barua yako uliniagiza, kwa kuwa kazi yangu ni habari, nimtafute aliyeandika kile kijitabu cha kuongoza watalii ambacho wakili wa mwenye jengo alikisoma mbele ya baraza la ardhi: kwamba ghala la kahawa kando ya reli lilikuwa tupu kwa miaka kumi kabla ya kugeuzwa maduka. Ulisema sentensi hiyo ikikubaliwa, ninyi washona magunia kumi na mmoja mliotolewa pale hamtapata fidia yoyote.

Jumatatu nilikwenda, kijitabu mkononi. Kwingine kote kiko sahihi. Palipopakiwa mabehewa pana benki mbili. Chumba cha mizani kinauza simu. Ukumbi wa magunia ni mkahawa. Kikombe cha kahawa ya kwetu ni shilingi elfu sita. Msumari uliokuwa ukitundika koti lako bado upo kwenye nguzo ya tatu. Umebeba picha ya mlima.

Mlinzi wa benki moja ni Sirili, mshonaji mwenzako. Aliuliza kama bado unashona kama mtu anayefukuza nyuki. Nilipomsomea ile sentensi alicheka, akasema basi ninyi mlikuwa mizimu, na mizimu hiyo ikinywa chai kwa Mektrida kila siku saa nne. Mektrida, ambaye sasa anauza ndizi Kiboriloni, alisema ni kweli, na kwamba mizimu haikuacha hata tone. Wote wawili wamekubali kutoa ushahidi.

Mwandishi nimempata, Baba. Ni mimi. Kijitabu hakina jina. Nilikiandika nikiwa mezani, kwa karatasi za mwenye jengo. Zilisema hapakuwa na mpangaji mwenye mkataba. Nilijua mko pale. Nikaandika tupu, kwa kuwa ni neno fupi.

Alhamisi ijayo, baraza litakapoketi, nitalisema hilo kwa jina langu.

Usitafute jani la sale ndani ya bahasha. Najua haliombi msamaha kwa posta. Jumapili baada ya ibada nitapanda kuja nyumbani nalo mkononi, mjomba Aristides akinitangulia kuniombea. Ukifunga mlango, nitangoja kihambani, chini ya migomba.

Nisalimie Mama.

Mwanao,
Calvin