Dole Gumba Langu Limemtukana Mkwe Mtarajiwa

Mpendwa Mama Husna, naomba unisaidie, na shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ni mkulima wa kabichi huku Kwai, Lushoto, niliishia darasa la tano lakini kwa mambo ya simu hapa kijijini hakuna anayenifikia, hata waliokuja kujenga mnara waliniuliza mimi wausimike wapi, na simu yangu iliwahi kutumbukia korongoni nikaipata baada ya wiki mbili bado ina chaji, waulize watu. Sasa mwaka jana siku ya gulio alikuja wakala wa kusajili laini na kamashine kake ka alama za vidole, wenzangu vidole vimelika kwa jembe, mashine inavikataa, Bibi Saumu alibonyeza mpaka machozi, nami dole gumba langu linasoma hata likiwa na tope, basi nikamsajilia yeye na jirani yangu Tatu kwa kitambulisho changu, halafu nikasajili yangu, wakala akawa anasema, "Haijakubali, mzee, weka tena," nikaweka, "Tena," nikaweka, nikamwambia dole hili halichoki hata mara mia.

Mama, mpwa wangu Anord anataka kumwoa Secilia, mshenga ni mimi, posa ilipokelewa vizuri, kumbe wiki iliyopita baba wa binti, Mzee Nikodemo, katumiwa matusi ya nguoni kwa namba ngeni, akajifanya anaitumia pesa ili aone jina, yakatokea majina yangu yote matatu. Nilipofika kwake hata kiti sikupewa. "Mshenga gani wewe? Mchana unanibembeleza, jioni unanitukania mke wangu?" Anord naye kaniambia, "Mjomba, umenimaliza." Namba ile siijui, si ya Bibi Saumu wala ya Tatu, wakala haonekani tena, na Jumamosi Mzee Nikodemo anarudisha posa. Nikisema ukweli, uso wangu nitauweka wapi, na Bibi Saumu atakatiwa laini anayoongea na mwanawe aliye Bumbuli. Nafikiria nivunje simu niseme niliibiwa. Nifanyeje?

Mjomba wa Kwai

JIBU

Marahaba, mjomba. Nimekuzidi, kwa hiyo nitakusema kama mdogo wangu.

Pole kwa kunyimwa kiti, lakini Mzee Nikodemo hajakuonea: jina ni lako. Mwenye laini iliyosajiliwa kwa kidole chako akitukana, unaulizwa wewe. Akitapeli, polisi wanakuja kwako. Na pale pa "weka tena" inaelekea ndipo ulipopigwa: kila ulipoweka, wakala alisajili laini nyingine akaiuza. Ukiambiwa haijakubali, dai kuona kioo cha mashine kwanza. Ulikuwa unajisifu, hukutazama.

Simu usivunje. Laini haitafutika, na wewe utaonekana mwongo. Leo hii piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usizozijua kazitolee taarifa polisi, upewe karatasi, kisha nenda duka la kampuni ya simu wazifunge. Mzee Nikodemo asifute yale matusi, ni ushahidi. Bibi Saumu na Tatu wapeleke hapo hapo dukani wajaribu vidole vyote kumi, laini zao ziandikwe kwa majina yao. Vikigoma vyote, waelekezwe ofisi ya vitambulisho.

Halafu kabla ya Jumamosi nenda kwa Mzee Nikodemo na karatasi ya polisi mkononi, Bibi Saumu awe pembeni yako kama shahidi. Unahangaikia uso wako wakati Anord anapoteza mke! Usipopewa kiti, simama. Mweleze kila ulipobonyeza na ulimbonyezea nani, omba radhi, nyamaza.

Habari ya mnara iache Kwai.