Zuhura Kamwandikia Profesa Mwenyewe

Durban, Afrika Kusini

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Shikamoo hii imepita nchi kadhaa kufika Ikwiriri, kwa hiyo iitikie kwa sauti. Mgongo unaendeleaje? Na mpunga je, nguruwe wamekuachia kitu mwaka huu? Mimi ni mzima, bado nanyoa. Kiti ninachokodi kimepanda bei, na polisi wa hapa wanapenda kuuliza makaratasi kuliko wanavyopenda kunyolewa. Lakini mkono wangu unajulikana. Wakongo, Wanaijeria, Wazulu, wote wanamsubiri mtoto wa Rufiji.

Sasa ujumbe wako. Umesema nimgombeze Zuhura kwa kumwandikia profesa wake bila kupitia kwa mtu mzima, kama anayemwandikia shoga yake. Kaa kitako dada nikueleze, maana waliokuletea habari wamekuletea mkia, kichwa wamekiacha Dar es Salaam.

Unajua mwanao alikosa mtihani. Alikwenda Mbwara kumzika bibi yake mzaa baba, mto ukajaa, kivuko kikasimama, na yeye yuko ng'ambo. Alipofika chuoni wenzake walikwishamaliza. Asiporuhusiwa kuufanya peke yake, anarudia mwaka mzima. Akanipigia simu hapa ninaponyoa: "Mjomba, nisemee."

Alifanya kama mlivyomlea. Mtu mkubwa haendewi hivi hivi. Unatanguliza mshenga, wewe unakaa kimya na adabu zako. Na mshenga gani atanishinda mimi? Nikaenda kwenye duka la intaneti mtaa wa pili, nikaandika imeili. Dada, ile ilikuwa imeili. Kiingereza cha bandarini, kurasa mbili. Nikamsalimia profesa, nikamuulizia afya, wake zake, watoto, na shamba kama analo. Nikamweleza ukoo wetu kuanzia kwa babu. Nikamjulisha kwamba na mimi ni mtu wa dunia, Beira nimekaa, Maputo nimekaa. Habari ya mtihani niliiweka mwisho kabisa, kama posa.

Jibu likaja kesho yake, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Ndugu yangu, ahsante kwa salamu. Mimi ni mwanamke, wake sina. Mambo ya mwanafunzi nazungumza na mwanafunzi mwenyewe. Mwambie aniandikie, tena mapema, kabla sijapeleka matokeo."

Nikampigia Zuhura. Akasema anaogopa kuonekana hana adabu. Nikamwambia adabu ya ofisini ndiyo hiyo: yule mama ana barua chungu nzima za kusoma, ukimzungusha unamlia muda wake. Akaandika, akanitumia kwanza mimi niikague, maana anajua mjomba wake ni nani.

Juu, pale pa kichwa cha habari, aliweka jina la somo na kwamba anaomba kufanya mtihani alioukosa. Akamwita Profesa, kwa jina lake la ukoo. Akasema yeye ni nani, yuko mwaka wa ngapi, na namba yake ya usajili. Akasema alifiwa, mto ukafunga njia, na barua ya mtendaji wa kijiji anayo, ataipeleka akiitwa. Akaomba. Hakulialia wala hakumpangia siku. Akashukuru, akaandika jina lake kamili, basi. Mimi nikataka kuchomekea salamu za wazee wa Ikwiriri, angalau mstari mmoja. Akaniambia, "Mjomba, nakuheshimu, lakini ukiongeza neno nakushitaki kwa mama."

Profesa amemkubalia. Atafanya pamoja na wale wanaorudia mtihani, mwisho wa mwezi ujao.

Kwa hiyo mwanao hakumruka mtu. Mshenga alikwenda, akarudishwa mlangoni, ndipo mwenyewe akapiga hodi. Na hodi aliipiga vizuri, niulize mimi niliyefungiwa milango ya nchi nne.

Nisalimie shemeji, mwambie viatu alivyoagiza nimeviona, nangoja vishuke bei. Msalimie shangazi wa Mahege, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, yule aliyekuwa akinichapa; mwambie Yasini bado ninayo kichwani. Na jirani yako muuza vitumbua mwambie huku hawavijui, watu wanaishi hivyo hivyo.

La mwisho, dada. Zuhura amesikia kwamba umekasirika. Alinipigia jana, sauti ndogo, akasema, "Mama akiwa na kinyongo na mimi, huo mtihani nitaufanyaje?" Ule ujumbe wako wa kumgombeza nikautia mfukoni. Nikamwambia mama yako amefurahi sana, na radhi amekupa. Akacheka, akasema anakwenda kusoma.

Nimekwishasema, na mtoto ameamini. Mpe basi hiyo radhi, dada, nisije nikawa mwongo.

Wako mdogo asiyekua,
Seifu, kinyozi wa mataifa